UZI: Heda za mfumo na kompaila yako ndogo ya C, kuanzia Ubuntu hadi Mac na Termux

#1 Baiti_za_Kayole

Wadau, habari za jioni.

Wengi humu sasa mnaandika kompaila zenu wenyewe za C (programu za kutafsiri msimbo wa C kuwa wa mashine), na nafurahi sana kuona hilo likitokea hapa Nairobi. Lakini maswali yanayonifikia ni yaleyale: kompaila inatafsiri vitanzi, pointa na strakti bila shida, kisha siku mwenyewe anapoweka `#include <stdio.h>`, yaani anapoita heda (faili ya matangazo ya mfumo), kila kitu kinagoma. Nimeona nifungue uzi tuongee kwa kirefu, kwa sababu majibu mengi yanayozunguka mtandaoni yanaondoa ujumbe wa kosa na kuliacha kosa lenyewe ndani.

Tuanze na lile linalowapata karibu watu wote wa Ubuntu na Debian:

    gnu/stubs-32.h: faili haipo

Ukitafuta utaambiwa usakinishe `gcc-multilib`. Tafadhali usifanye hivyo. Kifurushi hicho kitaleta heda za biti 32, ujumbe utapotea, nawe utabaki na kompaila inayotoa msimbo wa biti 64 huku ikisoma `struct stat` iliyopangwa kwa ajili ya i386. Fungua faili inayolalamika, `/usr/include/x86_64-linux-gnu/gnu/stubs.h`. Ni fupi mno, na sehemu inayotuhusu ni hii:

    #if !defined __x86_64__
    # include <gnu/stubs-32.h>
    #endif
    #if defined __x86_64__ && defined __LP64__
    # include <gnu/stubs-64.h>
    #endif

Heda imeuliza iko kwenye mashine gani, haikujibiwa, ikachukulia ni biti 32. Dawa ni pripurosesa yako (sehemu ya kompaila inayoshughulikia kwanza mistari ya `#`) kutangaza `__x86_64__` na `__LP64__` kabla haijasoma hata mstari mmoja wa programu. Basi, limekwisha.

Heda zote za mfumo ziko hivyo. Standadi ya C inaeleza programu itarajie nini kutoka `stdio.h`, lakini haielezi hiyo `stdio.h` iandikwe vipi. Kwa hiyo wenye glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) wameandika wakiifikiria GCC, Apple wakiifikiria Clang, Microsoft wakiifikiria kompaila yao. Kila heda inauliza maswali kwa makro (majina kama `__x86_64__` hapo juu), na majibu ya kompaila ya mfumo unaweza kuyaona yote:

    cc -dM -E - < /dev/null

Na folda inazotafuta heda:

    cc -E -v - < /dev/null

Hiyo ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Fedora huweka `sys/cdefs.h` moja kwa moja chini ya `/usr/include`. Debian na jamaa zake huiweka chini ya `/usr/include/x86_64-linux-gnu`, na kwenye Raspberry Pi ya biti 64 folda hiyo inaitwa `aarch64-linux-gnu`. Usiandike njia moja ndani ya kompaila ukadhani umemaliza.

Ila msiichukue orodha yote ya makro za GCC mkaibandika kwenye kompaila zenu. Kila makro ni ahadi, na heda itakuja kudai.

Sasa niwaonyeshe jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Andikeni hii kwenye Linux ya x86-64:

    #include <stdio.h>
    #include <stddef.h>
    #include <sys/epoll.h>

    int main(void) {
        printf("%d %d\n", (int)sizeof(struct epoll_event),
               (int)offsetof(struct epoll_event, data));
        return 0;
    }

GCC itachapa `12 4`. Kompaila ndogo isiyotangaza `__GNUC__` (makro ya kujitambulisha kama GCC) itachapa `16 8`, hata kama mwenyewe ameitengeneza vizuri kabisa iielewe sifa ya `packed`, ile inayobana strakti isiwe na nafasi tupu ndani.

Sababu iko ndani ya `sys/cdefs.h` ya glibc. Heda hiyo ikiona kompaila haijajitambulisha kama ya GNU, inatangaza makro inayofuta `__attribute__` popote itakapotokea. Walikusudia mema: kompaila isiyojua sifa za GNU isianguke. Lakini `struct epoll_event` kwenye x86-64 imebanwa kwa sifa hiyohiyo, kwa kuwa keneli inaisoma ikiwa na baiti 12. Sifa imefutwa na pripurosesa, kichanganuzi chako hakikuiona kamwe, na strakti ikapanuka hadi 16.

Fuatilieni kinachotokea baadaye. Unaandika seva inayotumia epoll (njia ya Linux ya kuambiwa soketi zipi ziko tayari), unaweka namba ya soketi kwenye `data.fd`, ambayo kwako iko baiti ya 8. Keneli inachukua baiti 12 za kwanza na kwake `data` inaanzia baiti ya 4, kwa hiyo namba yako imo humo, ila imekaa katika nusu ya pili ya ile data. `epoll_wait` ikirudi, keneli inaandika baiti zilezile mahali palepale, unasoma baiti ya 8, unapata soketi yako sahihi. Jaribio limepita! Kisha siku wateja wawili wako tayari kwa wakati mmoja. Tukio la pili keneli imeliandika kuanzia baiti ya 12, wewe unalitafuta baiti ya 16. Unasoma takataka. Na kama badala ya namba ulihifadhi pointa, baiti zake nne za juu hazikufika kwa keneli kabisa, kwa hiyo hata mteja mmoja hakuna usalama.

Mtu ataitafuta hitilafu hiyo ndani ya seva yake usiku kucha. Iko kwenye heda, na ilikuwepo tangu `#include`.

#2 Mwanafunzi_Juja

Mwalimu, asante sana kwa hii. Kwa hiyo nikitangaza tu `__GNUC__` nimepona? Niweke namba gani?

#3 Baiti_za_Kayole

Umeuliza swali lenyewe hasa. Namba ndiyo kazi.

Angalia Clang. Kwa miaka mingi imekuwa ikijitambulisha kama GCC 4.2.1: `__GNUC__` ni 4, `__GNUC_MINOR__` ni 2. Sasa fungua `bits/floatn.h` ya glibc kwenye x86-64. Inaamini kwamba GCC kuanzia 4.3 ina aina ya `__float128`, na kuanzia 7 inaijua `_Float128` kama neno la lugha yenyewe. Ukijitangaza kuwa GCC 12 ili uonekane wa kisasa, heda itakumiminia desimali za biti 128 ambazo huna. Ukijitangaza 4.2 umebaki chini ya mpaka. Kwa kompaila ndogo mimi napendekeza 4.2 na si zaidi, mpaka uwe umetekeleza kinachodaiwa na namba inayofuata.

Hata kwa 4.2 kuna madeni. `__extension__`, `__inline`, `__restrict`, `__asm__`, `__builtin_va_list`, hayo ni ya lazima. Kisha kuna `#include_next`, na hapa wengi hukwama bila kuelewa. `limits.h` ya glibc ikiona `__GNUC__` na isione `_GCC_LIMITS_H_`, inaita `#include_next <limits.h>` ikitegemea kupata `limits.h` nyingine, ile ya kompaila. Na ile ya GCC nayo inaiita ya mfumo kwa njia hiyohiyo. Faili mbili zenye jina moja, kila moja inamwita mwenzake, na kinachozuia zisizunguke milele ni hizo alama za ulinzi. Ukiandika `limits.h` yako, tangaza `_GCC_LIMITS_H_` juu kabisa.

`stdarg.h` vilevile. `stdio.h` ya glibc haiombi `va_list` moja kwa moja. Inatangaza `__need___va_list`, inaita `stdarg.h`, na inatarajia kukuta aina inayoitwa `__gnuc_va_list`. Isipokuwepo, mistari ya `vprintf` yote inaanguka. Kwa hiyo mwisho wa `stdarg.h` yako ongeza:

    typedef va_list __gnuc_va_list;
    #define __GNUC_VA_LIST 1

Na kwa wenye laptopu za ex-UK kutoka Luthuli ambazo bado zina Ubuntu ya zamani: glibc za miaka ile ziliandika `FD_ZERO` kwa asemblia ya ndani ya mstari, zikiona tu `__GNUC__`. Kama kompaila yako haina asemblia ya ndani, `select` haitapita hapo.

#4 RongaiDev

Naheshimu kazi yako kaka, lakini naona mnajitesa. Mbona msibebe heda zenu wenyewe? Lugha ya Zig inafanya hivyo: ndani ya furushi lake kuna heda za glibc, musl (maktaba nyingine ya C ya Linux), mingw-w64 (ya Windows) na hata za macOS, na unaweza ukiwa umekaa Rongai ukatengeneza programu ya mfumo wowote bila kugusa `/usr/include` ya mashine yako. Kila mtu anapata matokeo yaleyale. Huko kuuliza mfumo una nini ndiko kunakoleta maajabu.

#5 Baiti_za_Kayole

Zig wamefanya kazi ya kupigiwa mfano, na kwa kutengeneza programu za mifumo mingine sina ubishi na wewe. Lakini tazama wanachobeba: si nakala tu za heda, bali pia utaratibu wa kujua toleo gani la glibc lina nini, na watu wa kuzihuisha kila mara. Mwanafunzi anayeandika kompaila peke yake Juja hana jeshi hilo.

Tena tuna historia ya nakala kuchakaa. GCC yenyewe ina chombo kinaitwa fixincludes. Wakati wa kuijenga GCC, chombo hicho kinapitia heda za mfumo, kinatafuta zenye makosa yanayojulikana, kinatengeneza nakala zilizorekebishwa na kuziweka kwenye folda ya `include-fixed`, ambayo inasomwa kabla ya `/usr/include`. Kilizaliwa enzi za Unix za makampuni, ambapo heda zilijaa mambo yasiyokubaliana na ANSI C na huwezi kumlazimisha mwenye mfumo azirekebishe. Kilisaidia kweli. Ila mfumo ukihuishwa baadaye, heda halisi inabadilika na ile nakala inabaki ya jana, nayo ndiyo inayosomwa. Ndiyo maana wameweka hati ya `mkheaders`, ili mtu aziandae upya bila kuijenga GCC yote.

Msimamo wangu: beba zile ambazo standadi inazikabidhi kwa kompaila hata pasipo mfumo wowote. Kwa C99 ni saba: `float.h`, `iso646.h`, `limits.h`, `stdarg.h`, `stdbool.h`, `stddef.h` na `stdint.h`. C11 ikaongeza `stdalign.h` na `stdnoreturn.h`. Hizo ni zako kwa haki, kwa sababu wewe ndiye unayejua `va_list` yako ikoje. Zinazobaki ni mali ya mfumo, zisome zilipo na jinsi zilivyo.

#6 Dada_wa_Pangani

Niongezee upande wa Mac, maana kazini ndiyo niliyopewa na huko nimekaa nazo hizi heda muda mrefu.

Kwanza `/usr/include` haipo. Apple waliacha kuisakinisha kwa kawaida na Mojave mwaka 2018, na Catalina mwaka uliofuata ikaiondoa kabisa. Heda ziko ndani ya SDK (furushi la Apple la kuandalia programu), na njia yake unaiuliza:

    xcrun --show-sdk-path

Ongeza `/usr/include` mwishoni mwa jibu hilo. Msipakue Xcode nzima kwa ajili ya hili, bando litaisha bure. Vifaa vya mstari wa amri peke yake vinatosha, SDK imo ndani.

Pili, `sys/cdefs.h` ya Apple ikiona kompaila isiyojitangaza kuwa ya GNU inatoa onyo la "Unsupported compiler detected" na kuendelea. Ni onyo tu, na watu hulipita. Msilipite.

Tatu, na hili ndilo la kufanana na epoll ya Baiti. Kwenye Mac za Intel, `readdir` iliyo ndani ya heda imebandikwa lebo ya asm: jina kwenye msimbo ni `readdir`, lakini alama inayokwenda kwa linka (inayounganisha programu na maktaba) ni `_readdir$INODE64`. Apple walipopanua namba za inode kuwa biti 64, waliiacha ile `_readdir` ya zamani kwenye maktaba ili programu za zamani zisife, wakaweka mpya pembeni kwa jina hilo refu. Heda inakupa strakti mpya. Kompaila yako ikiipuuza lebo, linka inakupa kazi ya zamani. Hakuna onyo lolote, zote mbili zipo na zote zinaitika.

Kwenye strakti ya zamani `d_name` inaanzia baiti ya 8. Kwenye mpya inaanzia 21. Kwa hiyo ukiorodhesha folda, kila jina linasomwa baiti 13 mbele ya linapoanzia: majina mafupi hayaonekani au yanatoka takataka, marefu yanatoka yamekatwa kichwa. `stat` nayo ina lebo kama hiyo.

Mac za M1 na kuendelea hazina hilo, huko inode ni biti 64 tangu mwanzo na alama ni `_readdir` tu. Lakini zina lao. Apple kwenye arm64 wanapitisha hoja zote za baada ya nukta tatu kwenye staki, si kwenye rejista. Ukiita `printf` bila kuisoma heda, kompaila haijui kuna nukta tatu, inaweka hoja kwenye rejista, `printf` inazitafuta kwenye staki. Kwenye Linux programu ile mbovu ingeonekana inafanya kazi. Kwa hiyo kusoma heda ya kweli kwenye Mac hizi si starehe, ndiyo inayoiambia kompaila jinsi ya kuita.

#7 Baiti_za_Kayole

Dada, umenena vizuri sana. Hiyo ya `$INODE64` naomba kila mtu aisome tena polepole.

#8 Mwanafunzi_Juja

Mimi laptopu yangu imekufa skrini, kwa sasa natumia simu na Termux (terminali ya mtindo wa Linux kwenye Android). Heda za huko ni za nani? Kwenye chumba tuko wawili tunaofanya hivi na mwenzangu naye anatumia Alpine, anasema kwake kila kitu kilikubali mara ya kwanza.

#9 Keneli_ya_Githurai

Mdogo wangu, mwenzako ana bahati ya musl. Alpine inatumia musl badala ya glibc, na heda za musl zimeandikwa na watu wasiotaka kuitegemea kompaila moja. Hata `stdarg.h` na `stddef.h` wanazo zao wenyewe. Kinachodaiwa ni kidogo: `__builtin_va_list` na mengine machache. Kwenye `math.h`, kama hujajitangaza kuwa GCC 3.3 au zaidi, `NAN` inaandikwa kama `(0.0f/0.0f)` ambayo kompaila yoyote inaelewa. Na usitafute makro ya kujua kama uko kwenye musl, wamekataa makusudi kuiweka, wanataka upime kitu unachokihitaji badala ya kuuliza jina.

Ningekuwa nafundisha kompaila, ningemwanzisha kila mtu na musl. Huko makosa yanayoonekana ni ya kompaila yake.

Sasa Termux. Hapo uko kwenye Bionic, maktaba ya C ya Android, na heda ziko `$PREFIX/include`. NDK, zana za Android za kuandalia programu za C, iliiondoa GCC kabisa mwaka 2018 kwenye toleo la r18, kwa hiyo heda zimeandikwa Clang ikiwa kichwani. Utakuta `_Nonnull` na `_Nullable` kila mahali kwenye pointa. Hizo ni maelezo tu kwa anayekagua msimbo, hazigusi mpangilio wala majina, zifute kwa makro tupu uendelee na maisha. Lakini utakuta pia `__RENAME`, na hiyo ukiifungua ni lebo ya asm, ndugu yake ile ya dada wa Pangani. Hiyo usiifute.

Tena simu yako ni aarch64. `va_list` ya x86-64 kwenye Linux ni strakti ya baiti 24. Ya arm64 kwenye Linux na Android ni strakti nyingine ya baiti 32. Ya Apple arm64 ni pointa tupu ya `char`. Prosesa ya aina moja, mifumo miwili, `va_list` mbili. `stdarg.h` moja haitoshi kwa zote.

#10 RongaiDev

Sawa, nimeanza kuwaelewa, ingawa bado nasema Zig wana hoja. Swali langu: mnasema hii futa, ile usifute. Mtu atajuaje? Sifa za GNU ni nyingi mno, huwezi kutekeleza zote.

#11 Baiti_za_Kayole

Hapa ndipo nilitaka tufike.

Kwa kila sifa, jiulize kama inabadilisha baiti au inabadilisha jina. Kama haibadilishi chochote kati ya hivyo, ruka. `format`, `nonnull`, `pure`, `const`, `nothrow`, `warn_unused_result`, `deprecated`: zinamsaidia mtoa maonyo au mboreshaji wa msimbo. Kompaila isiyo na hivyo viwili haipotezi usahihi ikizipita.

`packed` na `aligned` zinabadilisha strakti. `mode` inabadilisha ukubwa wa aina yenyewe. Mfano uko kwenye `sys/types.h` ya glibc: `register_t` imeandikwa kama `int` yenye sifa ya `mode` ya neno la mashine. Ukiiheshimu sifa, kwenye x86-64 ni baiti 8. Ukiiruka, umebaki na `int` ya baiti 4. Na glibc za zamani ziliandika `u_int8_t` kwa njia hiyo, kwa hiyo aliyeruka `mode` alipata namba ya "biti 8" yenye baiti 4! Lebo za asm zinabadilisha jina. `transparent_union` inabadilisha ni aina gani zinakubaliwa kwenye `bind` na `connect` ukiwa umetangaza `_GNU_SOURCE`, ila hiyo angalau inapiga kelele, utaona kosa la aina papo hapo.

Sasa sifa ambayo kompaila yako haijawahi kuisikia kabisa. Kompaila nyingi ndogo zina kazi moja inayoitwa kitu kama "ruka sifa", inahesabu mabano na kupita. Nawaomba, iondoeni. Wekeni orodha ya sifa zinazojulikana kuwa salama kurukwa, na sifa yoyote isiyo kwenye orodha isimamishe kazi, itaje jina la sifa, faili na mstari. Siku za mwanzo itachosha. Utafungua heda, utakutana na jina geni, utasoma maana yake, utaliongeza upande wake. Lakini kila jina utalisoma mara moja tu, na hakuna strakti itakayopanuka nyuma ya mgongo wako.

Kisha pima. Chukueni strakti zinazovuka mpaka kati ya programu na keneli au maktaba: `struct stat`, `struct dirent`, `struct epoll_event`, `struct sockaddr_in`, `struct timespec`, `struct sigaction`, `jmp_buf`, `fd_set`. Andikeni programu moja inayochapa `sizeof` ya kila moja na `offsetof` ya kila mwanachama. Itafsirini kwa `cc` ya mfumo, kisha kwa kompaila yenu, mpitishe `diff` kati ya majibu mawili. Mstari ukitofautiana, mmepata kosa bila kuandika seva wala kusubiri mteja wa pili. Fanyeni hivyo kwenye kila mfumo mnaodai kuuhudumia, na mrudie kila maktaba ya C ya mfumo (libc) inapohuishwa.

Lebo za asm `diff` hiyo haitaziona. Kwa hizo tafsirini faili inayoita `readdir`, `stat`, `fopen` na kadhalika, kisha linganisheni orodha ya `nm -u` (majina ambayo faili inayatarajia kutoka nje) ya kompaila mbili.

Kwa upande wa msimamo wa `__GNUC__`, kuna njia nyingine kwa asiyetaka kujitangaza hata 4.2: pripurosesa ikatae katakata mtu kutangaza makro yenye jina `__attribute__`. Heda itajaribu kuifuta, kompaila itapuuza tangazo hilo, sifa zitabaki. Ni mstari mmoja wa msimbo. Mimi naikubali kwa kompaila iliyo changa, kwa sababu haikuingizii madeni mengine ya GNU. glibc za miaka ya karibuni zimeongeza jina la TCC (kompaila nyingine ndogo ya C) kwenye sharti hilo ili isifutiwe sifa, lakini kompaila yako wewe hawaijui na hawataijua.

#12 Mteja_wa_Umoja

Na Windows jamani? Hakuna aliyeitaja.

#13 Keneli_ya_Githurai

Kwa kifupi: heda za UCRT (maktaba ya C ya Windows) na zile za Windows SDK zinaitegemea `_MSC_VER`, zimejaa `__declspec`, `__int64`, `__stdcall` na maelezo ya aina ya `_In_`. Hayo ya mwisho ni makro tu. `#pragma pack` usiiruke, inafanya kazi ileile ya `packed`. Na `long` huko ni biti 32 hata kwenye mashine ya biti 64. Kama huna sababu ya kutumia za Microsoft, chukua mingw-w64, heda zake ni nyepesi zaidi kwa kompaila ndogo, na TCC imepita njia hiyo.

#14 Dada_wa_Pangani

Baiti, niongeze kwenye orodha yako ya kupima: kwenye Mac kuna heda zenye bloku, zile za alama ya `^`. Zimefungwa ndani ya `__BLOCKS__`, kwa hiyo usipoitangaza makro hiyo hutaziona kabisa. Vilevile `__has_feature` na `__has_include`: kama pripurosesa haizijui, usizitangaze kama makro tupu. Heda nyingi huanza na `#ifndef __has_feature` na kujiwekea jibu la sifuri. Ukizitangaza nusunusu umeharibu ulinzi huo.

#15 Mwanafunzi_Juja

Nimeandika ile programu ya kupima, kwenye simu, kwa strakti zote ulizotaja. `diff` kati ya clang ya Termux na kompaila yangu:

    < epoll_event 16 8
    > epoll_event 16 8

Hizo mbili zinafanana ila zimetokea kwa sababu nimeacha nafasi mwisho wa mstari, nimeisafisha. Ila swali: mbona hapa ni 16 na siyo 12? Sifa nimeiheshimu.

#16 Baiti_za_Kayole

Ni sawa kabisa, usibadilishe kitu. Kubana hadi 12 ni kwa x86-64 peke yake, keneli iliifanya hivyo ili strakti ya biti 64 ilingane na ile ya programu za biti 32 kwenye prosesa hizo. Kwenye arm64 ni 16, na clang imekuthibitishia. Ndiyo maana nasema mlinganishe na `cc` ya mfumo ulipo, msiandike 12 kama jibu ndani ya jaribio.

Sasa ongeza `register_t`, endesha tena, na ulete orodha ya `nm -u`.